Kabla ya kununua kikokotoo cha grafu, uliza mtihani kwanza

Kila Januari mzazi hupanda Luthuli Avenue au kuingia duka la vitabu na ombi moja: "Nipe kalkuleta kali, mtoto anapenda hesabu." Kwa wanafunzi wengi wa Nairobi, kikokotoo cha grafu ni pesa iliyotupwa. Karatasi ya Hesabu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, huruhusu vikokotoo visivyo na kelele na visivyoweza kuprogramiwa. Cha grafu kinaprogramiwa, kwa hiyo hakiingii chumba cha mtihani. Casio fx-82MS au fx-991ES Plus inamtosha.

Kinahitajika wapi basi? Hesabu za IB (International Baccalaureate), na IGCSE ya Cambridge yenye silabasi namba 0607. Ile 0580, ambayo shule nyingi hufundisha, inataka cha kisayansi tu. Tena usinunue kwa hoja ya "atakitumia mbele": A Level ya Cambridge, 9709, inakataza vikokotoo vya grafu. Namba ya silabasi ndiyo ya kumuuliza mwalimu kabla hujauliza bei.

Mtego mwingine uko kwenye herufi tatu, CAS. Kikokotoo chenye CAS hufungua mabano na kutafuta derivativu kwa alama, na IB hairuhusu hicho mtihanini. TI-Nspire CX II na TI-Nspire CX II CAS, zote za Texas Instruments (TI), zinafanana kama ndugu. Muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Soma jina kwenye mashine yenyewe, maana boksi hubadilishwa.

Kati ya zinazobaki, TI-84 Plus CE na Casio fx-CG50 zote zinatosha. Kwa mwanafunzi wa bweni mimi ningechukua Casio. Inatumia betri nne za AAA, zile za rimoti, zinazopatikana hata kwenye kioski cha mtaani. TI huchajiwa kwa kebo ya mini-USB, si ile ya simu za siku hizi, na ikipotea wiki ya mtihani ni shida. Ila kama mwalimu anafundishia TI, nunua TI. Mtoto anayetafuta menyu peke yake huku wenzake wakiendelea anapoteza dakika nyingi.

Ukinunua iliyotumika, ijaribu pale pale kaunta. Chora y = x² − 4x − 5 halafu uitafute mizizi: kwenye TI bonyeza 2ND, TRACE, kisha zero; kwenye Casio, SHIFT, F5, ROOT. Majibu ni −1 na 5. Bonyeza kila kitufe, hasa mishale na EXE au ENTER, kwa kuwa ndivyo vinavyochakaa mapema. Kwa Casio fungua mlango wa betri: ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye chuma, rudisha.

Mashine ikishafika nyumbani, makosa mengi si yake. Mwanafunzi akiandika y = x² + 15 kwenye TI, skrini inabaki tupu, naye anadhani imeharibika. Dirisha la kawaida linaishia 10 kwenda juu, na grafu hiyo inaanzia 15. Aongeze Ymax, yaani kikomo hicho cha juu. Akiona ERROR: SYNTAX, mara nyingi ametumia kitufe cha kutoa badala ya (−) cha namba hasi. Akiona ERROR: INVALID DIMENSION, mara nyingi Plot1, mchoro wa takwimu, imeachwa ikiwa imewashwa; aizime kwenye Y=.

Halafu kuna digrii na radiani. Sin 30 ikitoa 0.5, mashine iko kwenye digrii, ikitoa −0.988, iko kwenye radiani. Kwenye grafu kosa hili hujificha zaidi: y = sin x ikichorwa kwa digrii kutoka −10 hadi 10 hulala juu ya mhimili kama uzi ulionyooshwa, kwa sababu sin 10° ni 0.17 tu. Kwa kalkulasi (calculus) ya IB, mashine iwekwe kwenye radiani, na ikaguliwe tena kila inapofutwa kumbukumbu.