Nyumba ya laki mbili Tanga si ya laki mbili

Ukimsikiliza mtu wa Dar es Salaam, Tanga maisha ni bure. Foleni hakuna, samaki wapo, na kwa laki mbili kwa mwezi unapata vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Foleni nakubali hakuna. Hiyo laki mbili ndiyo naomba tuipigie hesabu.

Kwanza, hakuna anayeipokea ikiwa peke yake. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anataka mwezi wake mmoja. Siku ya kukabidhiwa funguo umeshatoa milioni moja na laki nne na hujanunua hata pazia. Kabla ya hapo ulikuwa unazungushwa, Sahare mpaka Kange, kwa bodaboda unayoilipia wewe, kwenda kuonyeshwa nyumba ambayo ukifika ina mtu ndani. Dalali huyu amemtafutia mwenye nyumba mpangaji, lakini anayemlipa ni mpangaji! Na ukikaa miezi sita ukahama, udalali ule umekuongezea zaidi ya 33,000 kila mwezi.

Kinachoniudhi hasa ni kodi ya mbele. Mwalimu na nesi wanalipwa kwa mwezi, kibarua wa bandarini kwa siku. Milioni ya mara moja wanaitoa wapi? Kwenye kikoba, kwa ndugu, au kwenye mikopo ya simu yenye riba ya kukausha koo. Maana yake mpangaji anakopa kwa riba ili amkopeshe mwenye nyumba bure. Wenye nyumba wana hoja yao: wapo wapangaji wanaokaa miezi bila kulipa, na kumtoa mtu kisheria kunachosha. Sawa, chukua miezi mitatu. Miezi sita si tahadhari tena, ni mtaji wa kumalizia fensi. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo tunaambiwa ni makubaliano ya watu wawili. Mmoja ana nyumba, mwingine ana mizigo juu ya Kirikuu.

Halafu kuna bomba. Tangu lianze kujengwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa Tanga, kila mwenye nyumba ana mhandisi wake wa kufikirika anayekuja kesho kulipa mara mbili. Ukiomba punguzo, unatajiwa mhandisi.

Chumvi ya bahari nayo haimo kwenye mkataba. Ukipanga karibu na maji, kama Raskazone, upepo ni mtamu kweli, ila vitasa, bawaba, feni na pasi vinaliwa na kutu, na kitasa kikigoma mwenye nyumba atakuuliza umekifanyaje. Kaskazi inapopulia, Desemba mpaka Machi, feni halizimwi usiku kucha. Hapo ndipo unapoijua mita yako.

Uliza mapema kama mita ni yako au ya kushea, maana tofauti ni kubwa kuliko madalali wanavyoisema. Nyumba inayotumia umeme usiozidi uniti 75 kwa mwezi huweza kuwekwa kwenye tarifu ya chini, uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kaya tatu kwenye mita moja zinavuka 75 hata kabla ya nusu ya mwezi, na wote mnanunua kwa bei inayokaribia mara tatu, hata yule bibi mwenye taa moja na redio. Na anayenunua wa kwanza mwezi unapoanza ndiye anayekatwa kodi ya jengo, kisha anaanza kugonga milango kudai mchango.

Kodi hiyo ya jengo ilihamishiwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Ni ndogo, lakini ni deni la mwenye jengo. Serikali yenyewe ilisema mpangaji akikatwa amalizane na mwenye nyumba. Basi mkiandikishiana, ongeza mstari mmoja: makato ya jengo kwenye LUKU yatapunguzwa kwenye kodi ya pango. Wapo wanaokubali bila neno. Wengine watakwambia nyumba imeshapata mtu, mhandisi.