Tumnyang'anye nani baruti?

Kila polisi wanapokamata mzigo wa vilipuzi, au shimo linapoua watu, wazo lilelile hurudi: wachimbaji wadogo wasiguse baruti tena. Kazi ya kulipua ikabidhiwe kampuni chache zenye magari, maghala na wahandisi. Mwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, akitaka mwamba wake upasuliwe, awapigie simu, waje, walipue, waondoke. Nimelisikia wazo hili kwa watu ninaowaheshimu, na halikutoka hewani. Lakini katika mazungumzo yote hayo mlipuaji mwenyewe hatajwi ila kama mshukiwa, na hapo ndipo tunapoachana njia.

Nianze na hoja yao iliyo nzito kuliko zote, nayo inatoka baharini. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania na vinasa sauti vya chini ya maji. Katika saa 231 za kusikiliza walithibitisha milipuko 318 ya wavuvi wa baruti, na karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Maana yake ni zaidi ya mlipuko mmoja kwa kila saa waliyosikiliza, na karibu na jiji hesabu ilipanda hadi kukaribia milipuko 10 kwa saa. Baada ya hapo serikali ilibana sana na hali ikatulia, lakini namba hiyo haijanitoka kichwani. Kila mlipuko ni samaki wachanga walioelea matumbo juu, na tumbawe la miaka mingi lililogeuka kifusi.

Sasa, baruti hiyo ilitoka wapi? Nyingine ilitengenezwa kienyeji kwa mbolea. Nyingine ilitoka migodini, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye kazi za barabara. Wanaotaka kunyang'anya wanasimama hapo hapo: mnaona, inavuja kwa wachimbaji. Mimi nauliza inavuja katika hatua gani. Baruti ikishashindiliwa kwenye tundu la mwamba ni nadra itoke tena isipokuwa kwa mlio. Inayofika kwa wavuvi wa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ni ile iliyopotea kabla ya tundu, kati ya mlango wa stoo na mdomo wa shimo, pale daftari linaposema fataki 50, vile vidude vinavyoiwasha baruti, zimetumika wakati matundu yalikuwa 40. Na anayejua kwa yakini kwamba yalikuwa 40 ni aliyeyajaza. Ukimwondoa mtu huyo, ukaweka gari linalokuja asubuhi na kuondoka jioni, umemwondoa shahidi pekee wa hesabu. Kwa hiyo namba ya 318 mimi naisoma kinyume na wanavyoisoma wao: inadai mlipuaji anayejulikana kwa jina, aliye palepale, anayesaini kila fataki anayopokea na kila anayorudisha.

Nimemwona mmoja wa watu hao kwa karibu. Ilikuwa Geita, kwenye duara la watu 11, jua linaelekea kuzama. Kila mtu alimwita Fundi, hata waliomzidi umri. Matundu yalikuwa tisa. Kabla ya kushuka aliokota vijiwe tisa akavitia mfuko wa kushoto wa suruali. Alipopanda juu baada ya kuwasha tambi za baruti, aliketi kwenye gunia tupu, hakusema neno na mtu, na kila mlio uliposikika alitoa kijiwe kimoja akakihamishia mfuko wa kulia. Ardhi ilitetemeka, vumbi likapanda, kisha kimya. Akaingiza mkono mfuko wa kushoto. Kijiwe kimoja kilikuwa bado kimo.

"Mbili zimelia pamoja, Fundi," kijana mmoja alisema. Na kweli, hilo hutokea.

"Huenda. Basi tutajua asubuhi."

Mwenye duara alikuja juu kwa hasira. Mafuta ya kompresa yalikuwa yameshanunuliwa, watu 11 walitakiwa kula usiku ule, na yeye alikuwa na hakika ya milio tisa. Fundi alimsikiliza kwa adabu, akamwita mzee wangu, na hakusogea pale mdomoni mwa shimo, maana tundu ambalo halijalia laweza kulipuka watu wakishashuka. Asubuhi alishuka peke yake. Matundu yote tisa yalikuwa yamelipuka. Mbili zilikuwa zimelia pamoja, kama kijana alivyosema. Mwenye duara alilalamika hadi mchana kwamba usiku mzima umepotea bure, na sikusikia hata mmoja akisema Fundi alifanya sawa.

Alifanya sawa. Ugumu wa kazi hii uko hapo: uamuzi wake bora hauachi kitu cha kuonyesha. Mchorongaji, anayetoboa mwamba, ana tundu, mbeba kifusi ana lundo, mlipuaji ana watu waliopanda juu wakiwa hai, na hao kila mtu anaona ndiyo kawaida. Akikosea mara moja, jina lake linakuwa habari ya wilaya nzima.

Halafu kuna moshi, ambao watu wa nje hawaufikirii kabisa. Tunaogopa mlio na mawe yanayoruka, kumbe baruti ikishalia huacha gesi, na mojawapo, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Kwenye shimo lenye mdomo mmoja gesi hiyo haina pa kwenda mpaka isukumwe. Hewa chini ya ardhi ni jambo la kufa na kupona hata bila baruti: Juni 2002 kule Mererani zaidi ya wachimbaji 30 walikufa kwa kukosa hewa shimoni. Sasa ongeza mtobozano, kama wanaapolo, wachimbaji wa Mererani, wanavyouita, pale njia ya shimo moja inapotobokea kwenye njia ya jirani. Moshi wa kwenu unaingia kwa watu ambao hawakusikia hata onyo. Mlipuaji anayeishi palepale amekuwa akisikia drili ya jirani ndani ya mwamba kwa wiki nzima, anajua ukuta umebaki mwembamba kiasi gani, atatuma mtu kusema. Atakayekuja na gari kulipua na kuondoka atajuaje?

Nisiwapake wachimbaji rangi nzuri wasiyostahili. Wengi wanaolipua kwenye maduara wamejifunza kwa kumtazama aliyetangulia, na aliyetangulia aliwarithisha busara pamoja na makosa. Fataki ndani ya mfuko wa shati. Baruti na fataki ndani ya begi moja. Kasha chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, watoto wamelala juu yake. Utambi unaokatwa mfupi ili usiharibike mwingi. Mwenye kusema watu hawa wasiachwe hivi hivi anasema kweli, nami namuunga mkono. Walio jirani na migodi mikubwa ya Geita na Tarime wangeongeza kwamba wamelalamikia nyufa za nyumba zao miaka mingi, na huko wanaolipua ni wenye vyeti na wahandisi. Ukubwa wa mlipuaji peke yake haujamtuliza jirani.

Na tukumbuke misiba iliyotufanya tushtuke kila tunaposikia neno vilipuzi. Ghala la silaha za jeshi Mbagala, Dar es Salaam, 29 Aprili 2009. Jingine Gongo la Mboto, 16 Februari 2011. Beirut, 4 Agosti 2020, tani 2,750 za amonia naitreti zilizokaa ghala la bandari kwa miaka. Yote ilitoka kwenye maghala, vilipuzi vingi vimerundikwa mahali pamoja, karibu na makazi. Anayetaka baruti yote ya nchi iwekwe kwa wachache wenye maghala makubwa ajibu kwanza maghala hayo yatakaa wapi na nani atayakagua.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963, na Tume ya Madini ndiyo inayotoa vibali vya kuhifadhi na kusafirisha pamoja na cheti cha ulipuaji. Sina ugomvi na cheti. Ugomvi wangu ni na cheti kinachotumika kuwafungia watu nje, kwa sababu hilo limeshatokea kusini mwetu na wazee wetu walikuwepo. Wanaume wa Tanganyika, wengi wao wa Rungwe na Nyanda za Juu Kusini, walikwenda na Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali ya uhuru ilipokatisha safari hizo. Kule Mwafrika alichoronga, alibeba, alishindilia, lakini cheti cha ulipuaji hakuruhusiwa kukipata kwa sababu ya rangi yake. Kilikuwa cha mzungu aliyesimama nyuma yake, na mshahara wa mlipuaji pia. Sababu iliyotolewa miaka yote hiyo ilikuwa usalama. Kizuizi hicho kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 tu. Wanaotaka kunyang'anya leo hawana nia hiyo, na siwasingizii. Lakini matokeo yatafanana: mwenye ujuzi abaki kibarua wa mwenye karatasi, na siku mwenye karatasi hayupo, alipue kwa siri, kwa fataki ya magendo, bila daftari.

Ningependa cheti kimfuate mlipuaji shimoni kwake. Apimwe kwa Kiswahili, kwa mikono, mbele ya mwamba, na anayeshindwa afundishwe kisha arudie. Maduara ya eneo moja yawe na stoo moja ndogo yenye mlinzi, mbali na nyumba za watu, na kila kasha linalotoka liwe na jina la mlipuaji. Hayo hayanipi shaka kubwa. Linalonipa shaka ni malipo. Wachimbaji wetu wengi hawana mshahara, wanakula posho ya mwenye shimo na kusubiri mgao mawe yakitoka, na mlipuaji yumo kwenye mgao huohuo. Kila saa anayosema "bado" anajikata mwenyewe na wenzake. Huwezi kumpa mtu cheti cha kuzuia watu wasishuke, halafu umlipe pale tu wanaposhuka. Alipwe kwa siku, jiwe litoke lisitoke, na akisema bado asipoteze senti.

Wenye maduara watasema hawamudu, na wengine kweli wana hali ngumu. Ila siku ile Geita nilipiga hesabu ya kijiwe kimoja kilichobaki mfukoni. Kilimgharimu mwenye duara mafuta ya kompresa na ugali wa watu 11 kwa usiku mmoja.