Protini ya ndizi dhidi ya korona: ipo kweli, ila sio hiyo iliyo kwenye sahani yako

Kila ikitajwa habari ya protini ya ndizi inayozuia korona watu wanagawanyika hapo hapo, hawa wanakimbilia sokoni, wale wanacheka wanasema ni yaleyale ya nyungu na zile chupa za Madagascar za 2020. Mi naona wote wanakosea, ila hawakosei sawasawa.

Kitu chenyewe kinaitwa BanLec, ni lektini, yaani protini inayonata kwenye sukari. Na kirusi cha korona kimejipaka sukari kwelikweli, ule mwiba wake una vipande vitatu na kila kipande kina sehemu 22 za kushikilia sukari, nyingine ni za jamii ya manosi ambayo BanLec inaipenda hasa. Ikishanata pale kirusi kinashindwa kuingia kwenye seli. Uzuri wake ni huu, antibodi nyingi, yaani protini za kinga za mwili, zinashika umbo la mwiba wenyewe, kirusi kikibadilika zinapotea njia, tuliona omikron ilivyozichachafya, wakati sukari haibadiliki kirahisi hivyo kwa sababu kirusi hakitengenezi sukari yake, kinavishwa na seli zetu sisi.

Sasa tatizo nalo linatokea palepale. Kama sukari ni ya kwetu basi hata seli zetu zinayo, na lektini haina macho. Aliyewahi kula maharage mekundu ambayo hayajaiva vizuri akashinda anatapika anaijua lektini hata kama hajui jina lake. BanLec ya asili inazichokoza seli za kinga za aina ya T zianze kugawanyika ovyo, na mgonjwa wa korona ndio mtu wa mwisho unayetaka kumchokoza kinga yake. Ndio maana timu ya mtafiti David Markovitz pale chuo kikuu cha Michigan, Marekani, walibadilisha asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini hiyo, ile ya namba 84, wakapata H84T, wakaitangaza 2015, inanata kwenye kirusi bila ule uchokozi mwingi, na 2022 wakaonyesha inawalinda hamsta dhidi ya korona, na panya dhidi ya MERS, kirusi cha jamii hiyohiyo ya korona. Kwahiyo wewe unayekula mkungu mzima, unachokula ni ile ya zamani, tena inaishia tumboni wakati kirusi kiko puani na kwenye mapafu.

Wanaobisha wana hoja nyingine nzito, kwamba panya sio mtu. ZMapp, dawa ya ebola, ilioteshwa kwenye majani ya jamii ya tumbaku, 2014 dunia nzima ikaishangilia, ikaja kupimwa vizuri Kongo 2018 na 2019 na karibu nusu ya waliopewa wakafariki, wakati dawa mbili shindani zilibaki kwenye theluthi hivi. Ni kweli zile zilikuwa antibodi sio lektini, mmea ulikuwa shamba tu, lakini somo la kushangilia mapema ni lilelile.

Upande wangu? Kama dawa ya mtu aliyeshafika kwenye oksijeni sina imani nayo sana, pale mara nyingi kinachomuua ni kinga yake mwenyewe kuliko kirusi kinachoingia, halafu protini ngeni ukimchoma mtu mara kwa mara mwili unaanza kuitengenezea antibodi na kuitupa. Ila kama spreyi ya puani kabla hujaambukizwa, hapo nawaelewa kabisa, hata watafiti wa chuo kikuu cha Louisville, Marekani, na lektini yao ya mwani, grifithisini, walielekea hukohuko puani, na sukari zile ziko pia kwenye ndugu zake korona, SARS ya 2003 na MERS, kwahiyo unaweza kuwa nayo stoo kabla kirusi kijacho hata hakijapewa jina, kitu ambacho chanjo haiwezi. Ikithibitika kwa binadamu waanze na nesi wa wodi na wale wanaofagia humo humo wodini, sisi wa mtandaoni tusubiri foleni.