Zamu ya Nani Kukua?

Januari ikiingia, Mombasa nayo huingia msimu wa malengo. Kumbi za hoteli za Nyali na Bamburi hukodiwa kwa semina, video fupi huzungushwa katika makundi ya WhatsApp, na vijana huhimizwa waandike wanataka wawe wapi ifikapo Desemba. Maneno hayabadiliki sana: jitambue, jipangie, jitenge na wanaokurudisha nyuma. Ukienda barazani, Mji wa Kale au Majengo, utayakuta maneno hayohayo yakichekwa. Huko husemwa riziki ina Mpaji wake, maisha ni watu, na mwenye kujipangia kupita kiasi ajiandae kupanguliwa.

Sioni kama yupo mjinga kati ya hawa wawili. Ninachoona ni kwamba wote wanaliruka swali moja: mtu anapokua, nani anagharimia?

Wenye malengo wana haki kuliko wanavyopewa. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, waliolichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba lengo lililo wazi na gumu kiasi humfanya mtu afanye vizuri kuliko kuambiwa tu "jitahidi", ilimradi awe na uwezo wa kulifikia na amelikubali mwenyewe. Kijana wa Changamwe anayesema "nitatafuta kazi bandarini" na mwenzake anayesema "Ramadhani isinikute bila leseni ya foklifti" wataamka saa ileile, lakini siku zao hazitafanana. Wala dini haimtetei mzembe, ingawa barazani husingiziwa sana. Nani hajaisikia kwenye mawaidha ile hadithi ya mambo matano kabla ya matano: ujana kabla ya uzee, afya kabla ya maradhi, utajiri kabla ya ufukara, faragha kabla ya shughuli, uhai kabla ya mauti? Hayo si maneno ya kumwambia mtu akae angoje.

Na kungoja kuna bei yake. Mei 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha mwili, Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo, na mjadala wote ukamalizikia kwenye afya, kodi na wakulima wa Embu. Kwa nini kijana mzima ana mchana kutwa wa kutafuna? Hilo halikupata msemaji. Hapo watu wa semina wangekuwa na la kusema, lau semina zao zingefanyiwa Kisauni badala ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Lakini wa barazani nao hawasemi ovyo. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, walioumia walikuwa watu waliojipangia maisha ya barabarani: dereva aliyekuwa akilipia lori kwa mkopo, utingo aliyekuwa akijifunza usukani, mama lishe aliyefungua kibanda pale malori yanapolala. Waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Malengo yao yalikuwa wazi, magumu kiasi, na wameyakubali wenyewe, kama vitabu vinavyotaka. Agizo moja likayapindua. Wa hoteli wanaijua hali hiyo tangu zamani. Shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha korona: kila mara mhudumu wa kibarua ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani, awe ameandika malengo au hakuandika.

Na anaporudi nyumbani, nani anampokea? Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona, hakuna aliyeshiba kwa kuwa na nidhamu. Waliokula walikula kwa sababu ya jirani, shangazi, na waliokuwa wakichangishana msikitini. Yule aliyekuwa ameshajitenga na "wanaomrudisha nyuma" alikuta ndio haohao wenye sufuria motoni. Ndiyo maana ushauri wa kukata watu hunitia shaka kila nikiusikia. Ni ushauri wa mtu mwenye mshahara unaoingia kila mwezi.

Ningekuwa naishia hapa ningesema baraza limeshinda. Halijashinda, na sababu yake ni dada mmoja wa Majengo auzaye mahamri.

Unga wake huukanda usiku, kwa tui na iliki, na kabla ya adhana ya alfajiri karai limeshapata moto. Wateja wa kwanza ni madereva wa tuktuk, kisha watoto wa shule, kisha wanaotaka na mbaazi. Ana daftari la kurasa mia lililoloa mafuta pembeni. Mbele ni majina ya wanaokula kwa deni. Nyuma, ukiligeuza, ni ada: muhula, kiasi, na mstari uliokatwa juu yake siku aliyomaliza kulipa. Mistari hiyo imewafikisha wadogo zake mbali. Mmoja alisoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, sasa ana kazi Nairobi. Mwingine ni muuguzi. Dada mwenyewe alitaka kujifunza upishi wa keki, hata fomu alishachukua, ikaingia ada ya kitinda mimba. Leo yule wa Nairobi ndiye anayetuma video za kujikuza katika kundi la familia, na siku moja akamwandikia: dada, na wewe jiendeleze.

Mtu wa semina atamwambia dada huyu kwamba hakujipa kipaumbele. Wa barazani atamwambia malipo yake yako kwa Mungu. Pepo si jambo la kukebehi, ila nimetambua kwamba wanaomwahidi pepo sana ni walewale waliopata vyeti. Mmoja anamlaumu, mwingine anamsifu, na wote wawili wanamwacha palepale kwenye karai.

Naye si peke yake. Anayekwenda Saudia kwa kazi za nyumbani ili ajenge Likoni amemwachia mama yake watoto, na mama huyo alikuwa na shughuli zake. Kaka aliyeacha shule ili wadogo wasome yuko karibu katika kila ukoo. Tunapomtazama aliyefanikiwa, tunahesabu juhudi zake, na ni kweli alijitahidi. Aliyesimama ili mwenzake atembee hatumhesabu, kwa sababu tumeshamwita mwenye moyo mzuri, na baada ya hapo hakuna la kuzungumza.

Ajabu ni kwamba wanawake wa mji huu wameshalitatua tatizo hili katika pesa. Katika chama, kila mtu anatoa na kila mtu ana zamu yake ya kupokea. Asiyepokea Machi anajua atapokea Juni. Hakuna anayeambiwa achangie miaka ishirini kisha angoje shukrani. Hata serikali haikopeshi hivyo. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, humdai aliyehitimu ili fedha zake zimsomeshe anayefuata. Familia pekee ndiyo imemwachia mtu mmoja atoe, na haijaweka tarehe ya yeye kupokea.

Kwa hiyo mimi nasema: mwenye malengo aandike malengo yake, na pembeni ya kila lengo aandike jina la anayelibeba. Ukiwa na kazi, kabla hujalipia semina, muulize dada yako ile fomu iko wapi. Ada ya chuo cha upishi siyo mali ya Karuni. Na baraza, kama kweli linaamini maisha ni watu, lianze na mtu aliye jirani na jiko.

Wapo watakaosema nageuza mapenzi kuwa hesabu. Udugu ni kufaana, watanikumbusha, na wana haki. Ingawa kwenye baraza lilelile utasikia kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, inategemea nani ameomba siku hiyo. Wapo pia ambao hawataki zamu yoyote. Kuna mtu ambaye kulea wenzake ndiyo kazi aliyoichagua, na ukimpa fomu ya chuo utamkera. Huyo aachwe. Lakini aulizwe kwanza, maana tumezoea kumjibia.

Na hesabu, tukubali, ipo tayari. Imewekwa vichwani na hufunguliwa wakati mbaya kuliko wote, wa kugawa nyumba ya baba. Hapo ndipo dada mkubwa hutaja kwa mara ya kwanza nani alisomeshwa na nani, na wadogo wakashangaa kwamba alikuwa akikumbuka. Wanaweza kufika mpaka Mahakama ya Kadhi. Kadhi atatanguliza madeni ya marehemu na wasia, kisha atagawa mafungu yaliyokwishawekwa, la kaka maradufu ya la dada. Ada aliyomlipia ndugu bila mapatano haimo: si deni la marehemu, wala si fungu. Mwenye kutaka ihesabiwe alipaswa kuyasema hayo wakati karai lingali motoni na wote wangali wakila mezani pamoja.