Msinilinganishe na Mkorea, mimi nasubiri umeme

Hivi kwa nini kila kijiwe nchi hii lazima kiwe na mtu wa kusema "mnajua tulipopata uhuru 1961 sisi na Korea Kusini tulikuwa sawa tu"? Yani hata kahawa hujaipuliza ikapoa mtu keshakufikisha Korea bila pasipoti. Pale kwetu Gongo la Mboto anayo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, tunamheshimu sana, shikamoo yake unaitoa ukiwa bado uko ng'ambo ya barabara, ila akishatafuna kashata ya pili basi ananyoosha kidole kwangu mimi fundi wa kuchomelea kana kwamba funguo za uchumi wa taifa nimezificha kwenye boksi la spana. "Vijana hamfanyi kazi, wenzenu Korea walikesha viwandani!" Mzee wangu, na mimi nakesha, tofauti ni kwamba mimi nakesha nasubiri umeme.

Tena tuelewane hapo kwenye umeme maana kuna watu wanapenda kugeuza maneno. Sijasema nchi haina umeme. Kule Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere kuna mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, hizo hesabu nazijua kuliko tarehe ya harusi yangu na mke wangu analijua hilo na halimfurahishi hata kidogo. Sasa megawati zinatoka huko zinakuja vizuri tu, zikifika mtaani kwetu zinakuta transfoma ileile iliyofungwa enzi mtaa una nyumba chache na mashamba ya mihogo, na leo hapo kuna saluni, kuna mashine ya kusaga, kuna wauza samaki na mafriza yao, kuna vijana wa kuosha magari, afu kuna mimi na mashine yangu ya kuchomelea ambayo ikiwashwa tu majirani wanatoka nje kuangalia nani kazima tivii zao. Jioni ikifika balbu inawaka rangi ya chai ya tangawizi. Na umeme ukiwa mdogo ile fimbo ya kuchomelea haichomi, inaganda kwenye chuma, ukiivuta unga wote umepukutika umebaki na waya mtupu mkononi, na fimbo hizo nanunua kwa hela, sichumi mtini. Ukipiga simu ya dharura unaambiwa na sauti nzuriii "mafundi wako njiani". Haya washa jenereta basi, unaweka petroli, geti la watu unalimaliza kweli ila ukipiga hesabu unakuta faida yote imetoka kwenye bomba la moshi. Mteja ukimwambia aongezee ya mafuta anakuuliza kwani nilikuagiza geti au jenereta.

Turudi Korea, maana mzee ndiko anakopenda. Nilienda kusoma kwa hasira kabisa ili nimkomeshe, nikakuta kitu kilichoniuma zaidi. Jamaa walijenga kiwanda cha chuma pale Pohang, 1973 kikaanza kutoa chuma, na madini ya chuma yenyewe ya maana hawana! Wanayaleta kwa meli kutoka nje. Sasa sisi kule Ludewa, mkoa wa Njombe, tuna Liganga, chuma kimejaa milimani, na jirani yake hapohapo Mchuchuma kuna makaa ya mawe, yani Mungu kakuwekea jiko na mkaa chumba kimoja, kazi yako ni kiberiti tu. Liganga naisikia tangu niko shule ya msingi. 2011 ukasainiwa mkataba na Wachina tukashangilia, nikamwambia dogo anayenisaidia kazi kuwa pipe zitashuka bei mpaka tutagawa mageti kwenye misiba. Fidia tu ya wananchi wa kule ikaja kulipwa 2023. Dogo alishaacha uchomeleaji siku nyingi, sasa hivi anaendesha bodaboda na ananipita hapa ofisini kwa kasi akipiga honi.

Na msiseme hatuwezi mambo makubwa, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. TAZARA kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi Zambia, ilianza kujengwa 1970 na 1975 reli imeshalazwa, inakatiza milima na mito, na inapita Makambako mkoa huohuo wa Njombe. Reli tumeweza, mlima tumeuacha tunaupiga picha.

Kwa hiyo mimi nachomelea nini? Chuma cha kuagiza au kilichoyeyushwa kutoka chuma chakavu. Na ndio maana mjini hapa ukiacha sufuria nje usiku unakuwa umechangia sekta ya viwanda. Wale vijana wa magunia wanabeba mifuniko ya chemba, wanabeba alama za barabarani, majuzi wamebeba bawaba za geti nililolichomelea mwenyewe kwa mikono yangu, na nina uhakika nitauziwa tena nikiwa naringa kwamba nimepata nondo mpya.

Habari ya makaratasi sitaki kuiongea sana presha ipande. Kuanzia 2019 ndio ikaanza kutekelezwa ile bluprinti ya kupunguza utitiri wa tozo, nia nzuri kabisa naikubali, ila kuna jamaa wa mafaili bado wanafika pale kwangu mmojammoja kama wageni wa Iddi, huyu anataka karatasi ile, yule anauliza mbona hiyo karatasi haina mhuri, na mhuri uko mahali ambapo mwenye nao yuko semina.

Kilichonimaliza ni mtaji. Nilitaka mashine kubwa na ya kukata mabati, nikaenda benki nimevaa shati la mikono mirefu. Dada akanipokea vizuri, akaniuliza una hati ya kiwanja? Nikamtolea karatasi yangu ya mauziano, ina mhuri wa serikali ya mtaa, ina mashahidi, shahidi mmoja marehemu. Akaiangalia kwa huruma ile ambayo daktari anamwangalia mgonjwa. Mtaa mzima hatuna hati, nyumba zipo, watu tumo ndani tunalipa bili, lakini benki hatuonekani. Basi ndio nikaangukia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani. Hawa hawana longolongo, jioni hiyohiyo walikuja nyumbani kuandika dhamana: friji, tivii, sabufa, na godoro. Mke wangu akiwa amelikalia. Wakamwomba asogee kidogo waone inchi ngapi. Na rejesho ni kila siku, sikiliza vizuri, kila siku, transfoma ikiungua rejesho lipo, mvua ikinyesha lipo, nchi hii kila kitu kinasubiri isipokuwa rejesho. Halafu jioni naiwasha hiyo tivii ya dhamana naambiwa uchumi 2024 umekua asilimia 5.5. Hongera zake. Mimi naangalia mlango tu.

Juzi mzee kaanza tena, kaacha Korea kaja na Azimio la Arusha la 1967, kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nikamwambia mwalimu samahani, watu tupo, tena tumejaa, ardhi ipo ila haina hati, hivi umeme uko namba ngapi? Akanyamaza. Akakitazama kikombe. Akasema umeme uko ndani ya namba nne, nyinyi hamkusoma vizuri. Kijiwe kizima kikacheka, akaagiza kahawa nyingine na kashata mbili, akamwambia muuzaji bili ampe fundi maana huyu ndiye sekta binafsi.