Hewa ya Delhi: Novemba ina mkosaji wake, Januari ina wake

Kila ifikapo Novemba, Delhi inapofunikwa na ukungu wa kijivu na shule kufungwa, mabishano huwa yale yale. Wanasiasa na wakazi wa jiji huwalaumu wakulima wa Punjab na Haryana, majimbo ya India yaliyo karibu, wanaochoma mabua ya mpunga. Wakulima hujibu kwamba magari na viwanda vya Delhi ndivyo vinavyowaua watu wa Delhi. Kila upande una vipimo vya kujitetea, kwa kuwa kila mmoja huchagua mwezi unaomfaa.

Wanaolaumu mashamba hawasemi uongo. Katika siku mbaya za mwanzoni mwa Novemba, moshi wa mabua umewahi kukadiriwa kuwa theluthi moja au zaidi ya PM2.5 ya Delhi, yaani zile chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Lakini mkulima hachomi kwa ukaidi. Mashine ya kuvuna humwachia mabua yaliyosimama shambani, na ngano inatakiwa ipandwe ndani ya wiki mbili tatu. Kiberiti ndiyo njia rahisi aliyonayo.

Tena tarehe hizo hakuzipanga yeye. Mwaka 2009 Punjab, ikihofia kukauka kwa maji ya chini ya ardhi, ilikataza kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10. Haryana nayo ikatunga sheria ya aina hiyo. Hofu ile ilikuwa ya haki, na bado ipo. Ila mavuno yalichelewa, na moto nao ukasogea hadi mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati upepo umelegea na hewa baridi imetuama chini huku hewa yenye joto ikiifunika kama kifuniko cha sufuria. Mabua ya ngano pia huchomwa, Aprili na Mei. Ni kidogo zaidi, maana mengi hulishwa mifugo, lakini pia jua kali la miezi hiyo huinua hewa na kuutawanya moshi. Ndiyo maana hayaleti balaa kama la Novemba.

Sasa tugeukie jiji lenyewe. Utafiti wa chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur uliotolewa 2016 ulipima majira mawili. Wakati wa joto, vumbi la udongo na barabara lilikuwa zaidi ya robo ya PM2.5, na magari hayakufika asilimia 10. Wakati wa baridi, magari yalipanda hadi asilimia 20 au 25. Magari ni yale yale. Kilichobadilika ni hewa inayoyazunguka na vumbi lililotulia. Na fungu kubwa la wakati wa baridi, robo hadi asilimia 30, halikutoka kwenye bomba wala jiko lolote likiwa chembe: lilizaliwa angani, gesi za salfa na nitrojeni zilipokutana na amonia ya mbolea na mifugo.

Picha za setilaiti zilihesabu mioto zaidi ya 70,000 Punjab mwaka 2021, na takriban 11,000 mwaka 2024. Wapo wanaosema wakulima wamejifunza kuchoma baada ya setilaiti kupita, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Januari mioto hiyo imekwisha, na Delhi bado inakohoa.

Tangu 2017 jiji lina mpango wa dharura: hewa ikichafuka, ujenzi husimamishwa, malori huzuiwa, jenereta za dizeli huzimwa. Wanaoutetea wanasema mapafu ya mtoto hayawezi kusubiri sera ya miaka kumi, na hapo nakubaliana nao. Lakini unaanza watu wakiwa tayari wanakabwa, na anayelipa ni kibarua wa ujenzi anayekosa ujira wa siku. Kwangu mimi, mpango huo ubaki kwa ajili ya siku mbaya tu. Mashine za kupanda ngano bila kuchoma mabua zinapaswa ziwe zimemfikia mkulima mdogo kufikia Septemba, tena kwa bei anayoimudu.

Na salfa ya Januari iko mikononi mwa serikali kuu. Mwaka 2015 iliagiza mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ifungiwe vifaa vya kuinasa gesi hiyo, kisha ikasogeza tarehe ya mwisho, ikasogeza tena. Hakuna mkulima aliyeomba nyongeza hizo za muda.