Prosesa Haiji Peke Yake

Kwa miaka sita nimekuwa nikitengeneza kadi za harusi na mabango ya maduka kwa kompyuta ambayo, nikiiamuru ifungue faili moja la Photoshop, hunipa muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe. Nilipomwambia mke wangu kwamba ninahitaji mashine mpya kwa ajili ya kazi, nilisema kweli, ila kweli yenyewe sikuimaliza, kwa maana sikutaja kwamba mashine hiyo ya zamani haikubali pia gemu lolote la mpira ambalo watoto wa jirani hulicheza huku wakinicheka.

Nilidhani kununua vipuri ni kama kununua viungo vya pilau, kwamba mtu anapita meza hii na ile akitia kikapuni anachokitaka. Kumbe ni posa, na unayempenda ni mmoja lakini ukoo mzima unakuja na masharti. Prosesa niliyoichagua, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600, nayo hukaa katika soketi (kikalio chake) ya AM4 tu, kwa hiyo mazabodi, ule ubao unaobeba vipuri vyote, lazima iwe ya soketi hiyo. Mazabodi hiyo nayo haitaki RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, isipokuwa ya aina ya DDR4, na kijana wa dukani kule Kariakoo aliponishikisha DDR5 kwa maelezo kwamba "hii ndiyo mpya, bosi wangu", ilinibidi nimwonyeshe kwamba hata lile pengo la ukingoni mwake limekaa mahali pengine, hivyo haingii hata ukiisukuma kwa goti. Aliniangalia kama mtu aliyekuja sokoni na mizani yake mwenyewe.

Mashaka yalizidi tulipofika kwenye kadi ya picha, kile kipuri kinachochora picha za kwenye skrini. Photoshop hutaka RAM nyingi na prosesa yenye kasi, na kadi kubwa ya picha haina haja nayo sana. Gemu ndilo linaloililia. Niliitamani kadi ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12, lakini kadi hiyo peke yake hula wati 170, na watengenezaji wake wanashauri pawa saplai, kipuri kinachogawa umeme ndani ya mashine, ya wati 550. Mke wangu, ambaye ndiye mnunuzi wa yuniti za LUKU, aliitazama orodha yangu kwa utulivu ulionitisha. "Baba watoto, hizo wati mia tano na hamsini ni za kadi ya harusi ya nani?" Nilimweleza kwamba hicho ni kiwango cha juu tu, wala mashine haili zote kila saa. Alinyamaza, na mwanamke akinyamaza namna ile hajakubaliana nawe. Niliazima futi yake ya kushonea ili nipime kama kadi itaenea ndani ya kasha, nikairudisha bila kusema nilichopima.

Kilichoniponza, hata hivyo, ni skrini. Mwaka jana bibi harusi mmoja aliagiza kadi za rangi ya damu ya mzee. Skrini yangu ilinionyesha damu ya mzee safi kabisa, lakini kutoka kiwandani zikarudi kadi 300 za zambarau, na nusura damu ya mzee halisi imwagike siku hiyo, nami mzee mwenyewe. Niliapa kununua skrini inayosema kweli. Sasa zipo skrini zinazojisifia kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, na zipo zinazoheshimu rangi. Zipo pia zinazoweza yote mawili, na aliyezipangia bei analijua hilo. Nilichukua moja ya hizo, nayo ikameza fedha yote ya kadi ya picha, nikajiambia kwamba kadi itasubiri mwezi ujao.

Hapo ndipo kijana wa dukani, ambaye safari hii alikuwa na haki yote, aliponishauri nichukue 5600G badala ya 5600. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Niliitazama ile G, nikaamini kwamba ni ya neno "gemu", nikaikataa kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake.

Usiku ule nilivikagua kwa tochi ya simu vijiti 1,331 vilivyo chini ya prosesa, nikihofia kwamba kimoja kimepinda. Nilipaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto la prosesa, nikafunga feni, nikawasha. Feni zilizunguka, taa za rangi zikameremeta, na skrini yangu ya kweli ikabaki nyeusi tii. Fundi niliyempigia saa tano za usiku alicheka kwanza, kisha akaniarifu kwamba G ni alama ya prosesa iliyobeba kitengo cha picha ndani yake, na kwamba niliyonunua mimi haiwezi kuonyesha hata nukta moja bila kadi.

Mwezi ujao umekwisha kupita mara mbili. Kadi za harusi bado ninazitengeneza kwa kompyuta ya chai, na mashine mpya huwashwa kila jioni saa mbili, kwa kuwa mtoto wetu wa mwisho anaogopa giza na amezipenda zile taa.